Presha haipimwi mpakani, tujipime wenyewe

Mfanyabiashara wa mpakani ni mtu wa hesabu. Kabla jua halijachomoza kule Kobero au Mugina, ameshajua amebeba kilo ngapi za mchele, faranga yetu leo inabadilishwa vipi na shilingi ya Tanzania, na ni nani bado hajamlipa deni la wiki iliyopita. Lakini muulize mtu huyo huyo presha yake ni ngapi. Wengi watacheka, wengine watasema hawajawahi kupima, na wachache watakwambia walipimwa zamani, siku walipolazwa kwa malaria. Hesabu hiyo isiyojulikana ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo.

Mipaka yetu imekwisha kutufundisha mengi kuhusu afya. Ebola ilipozuka mashariki ya Kongo kati ya mwaka 2018 na 2020, tulizoea kupimwa joto na kunawa mikono kabla ya kupita. Mwaka 2020 ikaja Korona, na mwaka 2024 tukasikia habari za mpox. Kila mara tulipanga mstari tukapimwa, na ilikuwa sawa, kwa sababu magonjwa hayo huruka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine na serikali ina wajibu wa kuyazuia mlangoni.

Presha haiambukizi. Kwa hiyo hakuna askari atakayekuzuia upite kwa sababu yake, wala hakuna atakayekuuliza kama umemeza dawa leo. Utavuka nayo asubuhi na kurudi nayo jioni, mwaka hadi mwaka, mpaka siku itakapokuangusha. Kama hukuitafuta wewe mwenyewe, aghalabu hakuna atakayekutafutia.

Wapo wanaosema kwamba huo ni ugonjwa wa matajiri na wanene. Hilo si kweli. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilieleza kwamba duniani kote takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu ana presha ya juu, na kwamba karibu nusu ya wenye ugonjwa huo hawajui kama wanao. Hawajui kwa sababu mara nyingi hauumi. Mtu hula, hulala, hubeba gunia lake kama kawaida, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiharibika taratibu.

La kusikitisha ni yale yanayofuata. Mtu anaanguka sokoni, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja haunyanyuki. Badala ya kumkimbiza hospitali saa ile ile, watu wanaanza kuuliza ni nani aliyemwonea wivu. Jirani wa meza ya pili anatazamwa kwa jicho baya, mtaji unaishia kwa waganga, na watoto wanatolewa shule. Pengine kilichomwangusha ni presha ambayo ingeonekana kwa kipimo cha dakika chache. Ujinga huu unaua watu na kuvunja ujirani.

Ndugu zetu waliorejea kutoka ukimbizini wana taabu yao ya pekee. Tangu mwaka 2017 zaidi ya Warundi laki mbili wamerudi nyumbani kwa mpango unaosaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na wengi wao walitoka katika kambi za Tanzania. Kambini maisha yalikuwa magumu, lakini zahanati ilikuwa karibu na dawa zilitolewa bure. Hapa nyumbani, tangu Mei 2006 wanaotibiwa bure katika vituo vya serikali ni watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua. Mzee wa miaka 60 mwenye presha hayumo katika orodha hiyo. Anafika na vidonge vya wiki chache. Vikiisha anatazama bei, anatazama paa la nyumba ambalo bado halijaezekwa, kisha anajiambia kwamba mbona hajisikii vibaya. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Tunawasihi ndugu hao mambo matatu. Kwanza, yeyote anayejiandaa kurudi aombe zahanati ya kambi imwandikie karatasi yenye jina la ugonjwa, jina la dawa yenyewe na kiasi anachomeza, kwa maana jina la kwenye boksi huweza kubadilika ukivuka mpaka. Pili, akifika, aende kituo cha afya kabla vidonge havijaisha. Tatu, asiache dawa kwa kuwa amepata nafuu, wala asimeze za jirani. Kama bei ni kubwa, amwambie mganga waziwazi. Huenda ipo nyingine iliyo rahisi zaidi. Kuacha kimyakimya ndiko kunakoua.

Kwa wafanyabiashara na wasomaji wetu wote, la kwanza ni kupima. Keti kwanza dakika tano bila kuongea, miguu ikiwa chini. Usipime ukiwa umetua mzigo sasa hivi au umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara. Ikiwa namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, na ikaonekana hivyo katika siku mbili tofauti, hiyo ni presha ya juu na inahitaji ushauri wa mganga. Andika namba hizo katika daftari lile lile la madeni, na tarehe yake. Ukivuka kwenda upande wa pili, karatasi ya dawa iwe pamoja na kitambulisho.

La pili liko jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Sisi tunatia chumvi katika maharage, tunaongeza vidonge vya kuungia mchuzi ambavyo vimejaa chumvi, kisha tunakula samaki waliohifadhiwa kwa chumvi. Samaki hao waloweke, umwage maji, uwasuuze ndipo uwapike. Lengalenga, sombe, maharage na ndizi tunazo. Tuzile kwa wingi, lakini chumvi na mafuta tuvipime.

La tatu ni mwili wenyewe. Anayelima milimani au kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Tunasema na yule aliyefanikiwa, anayekaa kwenye meza ya duka kutwa nzima na kupanda pikipiki hata kwa safari ya nusu kilomita. Atembee kwa mwendo wa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Sigara aiache kabisa. Na ile tabia ya kufunga kila biashara nzuri kwa chupa kadhaa za bia aipunguze. Pombe nayo hupandisha presha.

Hatusemi kwamba mzigo wote ni wa mwananchi. Mtu hawezi kujipima kama mashine hakuna, wala kumeza dawa ambayo haipo. Tunaiomba wizara inayohusika iweke kipimo cha presha katika masoko ya mipakani, hata siku moja kwa wiki, na ihakikishe kwamba vituo vinavyowapokea wanaorejea vina dawa hizo za kawaida. Tumeweza kuweka vipima joto na matangi ya maji wakati wa Ebola, hili halitushindi. Vyama vya wafanyabiashara navyo visisubiri. Wanachama wanaochangishana kwa ajili ya msiba wanaweza kuchangishana kununua mashine moja ya kupimia, na kumwomba muuguzi awafundishe kuitumia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauonekani kwa macho, lakini una namba. Wiki hii, kabla ya kuhesabu magunia, kila mmoja wetu aende akaijue ya kwake.