Tupeni Muhula: Barua ya Wazi kwa Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Mimi ni kijana wa Mangapwani niliyehitimu chuo mjini miaka miwili iliyopita, na ambaye, baada ya kuizungusha bahasha ya vyeti vyangu katika ofisi nyingi hata kingo zake zikachakaa, nilirejea kwetu na kuazimu kutafuta riziki kwa kitu ambacho hapa hakikosekani, nacho ni nazi. Mama yangu, aliyenisomesha kwa kamba za makumbi, makumbi aliyoyafukia mwenyewe ufukoni na kuyapiga baada ya miezi mpaka yakatoa usumba, aliponisikia alicheka sana. "Mwanangu," akasema, "umesomea hesabu ukarudi kwenye mbuzi?" Nami sikuwa na jawabu ila kukaa juu ya hiyo mbuzi na kuanza kukuna.

Kazi ya mafuta ya nazi, kwa asiyeijua, huonekana ni ya watu wasiokuwa na shughuli. Lakini daftari langu lasema kwamba lita moja hula nazi 13, na kwamba baada ya kukuna na kukamua, tui huwekwa jikoni kwa moto mdogo wa vifuu, likikorogwa bila ya haraka, mpaka maji yakauke, na sauti ya kuchemka igeuke kuwa ya kukaanga, na shata lianze kupiga rangi ya hudhurungi chini ya sufuria. Hapo ndipo penye elimu yote. Ukiwahi kuepua, mafuta hubaki na maji ndani yake na kuvunda kabla ya mwezi kwisha. Ukichelewa, hunuka moshi, na mwenye hoteli hatayagusa. Sufuria zangu tatu za mwanzo ziliharibika, na sioni haya kulikiri hilo, kwani hakuna mwalimu aliyepata kunifunza jambo kwa uwazi zaidi ya zile sufuria.

Msiba wangu haukuwa jikoni. Taasisi moja ya fedha, ambayo sitaitaja kwa kuwa sikusudii kuishitaki bali kueleza hali, ilinikopesha shilingi 3,000,000, nikanunua mashine ya kukunia, mizani, chupa na lebo. Na katika mkataba, ambao niliutia saini kwa furaha ya mtu asiyewahi kuaminiwa na mtu yeyote, iliandikwa kwamba rejesho la kwanza litalipwa siku ya 30. Mheshimiwa, siku ya 30 mimi nilikuwa bado nachoma shata. Na hata mafuta yalipokuwa safi, wenye maduka mjini waliyapokea kwa mali kauli, yaani chukua leo na ulipwe yakishauzwa, na mwenye hoteli wa kaskazini akaniambia kwa adabu kubwa kwamba wao hulipa baada ya miezi miwili. Basi nikawa mtu anayeuza kwa subira na kudaiwa kwa tarehe. Rejesho la kwanza nililipa kwa fedha ya mkopo wenyewe, la pili kwa kamba za mama, na la tatu kwa kuuza mizani.

Kukopa si jambo geni katika kisiwa hiki. Tangu zama za Sayyid Said, aliyeamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na khasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu na minazi ya Unguja kwa maelfu, wenye mashamba waliishi kwa fedha za wafanyabiashara wa Kihindi, wakiyaweka mashamba yao rahani au kuyauza kwa bei ya khiyari, wakitumaini kuyakomboa. Wengi hawakuyakomboa, hata Serikali ya Kiingereza ikalazimika mwaka 1934 kutoa sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiingie mikononi mwa wadai. Sitamani turejee huko, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba yule mkopeshaji, pamoja na ukali wake wote, alijua kuwa karafuu haiivi kwa kalenda ya karani, akangoja msimu. Ni aibu kwamba katika jambo hili moja alituzidi maarifa.

Wako wanaoniambia nikauze kwa wageni wanaokuja kwetu kila siku kutazama pango, na kile chumba cha chini ya ardhi ambamo, baada ya mkataba wa 1873 kulifunga soko la watumwa mjini, watu waliendelea kufichwa wakingojea majahazi ya usiku. Wageni hutoka mle kimya. Sijapata kumkimbilia mtu pale na chupa ya mafuta, wala sina nia hiyo. Na wengine husema ningojee bandari mpya ya Mangapwani. Nami naingojea kama wenzangu, lakini deni halingojei.

Ombi langu kwa Wakala, ambao umepewa dhamana ya kutushika mkono sisi tunaoanza, si kiasi kikubwa cha fedha, kwani hata hizo milioni tatu zilinitosha. Naomba kijana atokaye chuoni na kuanzisha kazi ya kutengeneza kitu, awe wa mafuta, wa sabuni, wa mwani au wa useremala, apewe muhula wa miezi sita kabla ya rejesho la kwanza, na kwamba kila benki inayoshirikiana nanyi iuandike muhula huo ndani ya mkataba, usiachwe kuwa huruma ya karani aliyeamka vizuri. Na afisa atakayetumwa kuikagua kazi yangu na aje asubuhi, saa mbili, tui likiwa jikoni, akae mpaka shata ligeuke rangi. Mizani nitaazima kwa jirani.

Wasalaam,

Mpika mafuta, Mangapwani