Mahram Anatafutwa Tukipanda Baiskeli Tu?



Wiki iliyopita bi harusi mmoja mtarajiwa alinipigia simu huku analia. Posa imeshapokewa, mahari imeshatajwa, sare za harusi zimeshaanza kuchaguliwa. Kosa lake ni moja tu. Ameomba likizo bila malipo kazini, miezi mitatu, ili yeye na kaka yake waende Uholanzi kuzunguka mashamba kwa baiskeli na kujifunza kilimo, kisha arudi aolewe. Upande wa mume umeleta ujumbe: achague, baiskeli au harusi. Na mama yake mzazi anamwambia, "Mwanangu, usitutie aibu."

Alinipigia mimi kwa sababu mimi nilikwenda. Nilipokuwa safarini posa yangu ilivunjwa. Leo nimeolewa na mwengine, nina watoto wawili na shamba la robo eka. Kwa hiyo sisemi kwa kusikia, na leo sitosema kwa upole.

Tuanze na neno ambalo kila mtu amelishika mdomoni: mahram. Mimi nalijua suala hili na sitaki kulipuuza. Sisi wengi hapa ni Mashafi, na tunajua wanazuoni wanavyolichukulia kwa uzito. Hata katika hija ya faradhi wamejadili, na Mashafi wakaruhusu mwanamke aende pamoja na wanawake waaminifu. Ndiyo maana mimi nilisafiri na kaka yangu, na binti huyu pia anasafiri na kaka yake. Mahram yupo, amekata tiketi, ana pasi ya kusafiria. Sasa mnataka nini tena?

Na niulize jengine. Mabinti wangapi wa visiwa hivi wamepandishwa ndege kwenda Oman kufanya kazi za ndani, peke yao, nyumba ya watu wasiowajua, pasi zao zikachukuliwa na mwajiri? Nani alikwenda uwanja wa ndege kuuliza, mahram yuko wapi? Hakuna. Kwa sababu binti yule analeta pesa, na nyumba inapigwa bati jipya. Dini inayokumbukwa pale msichana anapojifunza, na kusahauliwa pale anapotumwa, hiyo si dini. Hiyo ni hesabu ya watu, wameivisha kanzu.

La pili ni stara. "Mwanamke wa Kiislamu atapandaje baiskeli?" Wallahi swali hili linanichekesha, kwa sababu anayeuliza hajaiona baiskeli ya Kiholanzi. Ile ya kawaida ya kike haina bomba la katikati la kuvuka kwa mguu. Unakaa wima, mgongo umenyooka, kama umekaa kitini. Mnyororo umefunikwa wote, na gurudumu la nyuma limewekewa kinga pembeni ili sketi isiingie ndani. Breki nyingi unafunga kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Nchi nzima imetengeneza baiskeli kwa kumfikiria mwanamke aliyevaa nguo ndefu! Mimi nilipanda na gauni pana, suruali ndani, na mtandio niliobana kwa pini mbili, kwa sababu upepo wa kule hauna adabu. Nilikutana na akina mama wa Kimoroko na wa Kituruki waliojifunza baiskeli ukubwani, kwenye madarasa ya mitaani, na hijabu zao kichwani. Linganisha na binti anayebebwa kila asubuhi nyuma ya bodaboda, amegusana mgongo na mwanamme asiyemhusu. Huyo hakuna anayemsema.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. "Umesomeshwa ili urudi kushika jembe?" Hebu tujiulize nani anasimama majini Paje na Jambiani tangu mwisho wa miaka ya 1980 kulima mwani. Wanawake. Nani wamekula hasara maji ya bahari yalipopata joto na ile aina ya mwani yenye bei nzuri ikawa inaoza kambani? Wanawake hao hao. Mboga nyingi zinazoliwa Unguja, khaswa kwenye mahoteli, zinavuka bahari kutoka Bara. Kilimo chetu kinabebwa na mama zetu, lakini binti mwenye shahada akitaka kukisomea, tunaona amechanganyikiwa.

Na katika dini, aibu hiyo iko wapi? Asma binti Abubakar, Allah amridhie, alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mbali la mumewe Zubeir. Dada wa mama yake Jabir alitaka kutoka kwenda kukata tende zake ilhali yuko edani. Mtu mmoja akamkemea, na Mtume swalla Llahu alayhi wasallam akamruhusu atoke, huenda akatoa sadaka au akafanya la kheri. Mwanamke wa edani alipewa ruhusa ya kwenda shambani kwake. Bi harusi wetu, mzima, ana kaka yake pembeni, amenyimwa.

Sasa niwaambie nilichokiona huko. Tuliendesha kutoka Wageningen, mji wenye chuo kikuu cha kilimo kilichoanza 1918, tukapita Flevoland, mkoa ambao sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya maji mpaka walipoikausha katika miaka ya 1950 na 1960. Unaendesha juu ya tuta, maji yako juu kushoto, na viazi vimelala chini kulia. Njia za baiskeli zimewekewa namba. Unaandika namba zako kwenye karatasi asubuhi, unafuata vibao, hupotei. Tulilala kwenye mahema katika kambi ndogo ambazo wakulima wanaziweka shambani mwao. Ilikuwa kiangazi. Magharibi inaingia karibu saa nne za usiku, Isha karibu saa sita, na Alfajiri inakuja kabla hujapindua ubavu. Nililia usingizi, lakini sala sikuiacha.

Mwisho tukavuka kwa feri kutoka Den Helder, dakika 20, mpaka kisiwa cha Texel. Pale ndipo nilipoelewa shamba la mama yangu. Texel ni kisiwa kama chetu. Maji matamu ya mvua yameelea juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kisima kwa pupa, chumvi inapanda. Wamefanya majaribio pale ya viazi na mboga kwenye ardhi yenye chumvi, kutafuta mbegu inayostahamili. Mama yangu kila kiangazi mchicha wake ulikuwa ukiungua ncha, na sisi tukisema ni jicho la mtu. Haikuwa hasadi. Ilikuwa pampu iliyowashwa kutwa nzima.

Niliporudi tuliacha kuvuta kisima kwa fujo. Tukachimba mitaro, tukainua matuta ili mvua ya masika ioshe chumvi iteremke, tukatia samadi na kufunika udongo kwa majani makavu, tukaweka tangi la maji ya paa. Sikutajirika. Lakini mchicha na bilingani zinauzwa sokoni, na mama hamshuku tena jirani yake. Hilo peke yake kwangu ni sadaka.

Msidhani nawaambia kila mtu aache kazi akapande baiskeli. Nina maneno makali pia kwa wale wanaouza safari mitandaoni kama kwamba ukipiga picha milimani matatizo yako yameisha. Likizo bila malipo ni miezi bila mshahara, na kodi ya nyumba haiendi likizo. Viza ya matembezi ya Ulaya ni siku 90 tu, na haikupi ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Sisi tulilipia kambi, tukauliza na kutazama, hatukushika jembe la mtu. Ukienda bila kujua unataka kujifunza nini, utarudi na picha na deni. Na kama una mzazi mgonjwa anayekutegemea, kukaa naye ni bora kuliko mashamba yote ya Uholanzi. Lakini binti huyu ameweka akiba miaka minne, ameandika barua kazini na amekubaliwa. Safari yangu mimi ilinigharimu pungufu ya harusi moja ya ukoo wetu mwaka ule, pamoja na singo, hina, sare tatu na mpiga picha.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyenipigia, jibu langu ni hili. Usitoroke, na usimvunjie mama yako heshima. Mtafute sheikh unayemwamini, kaa naye pamoja na kaka yako na walii wako, uulize waziwazi. Kisha muombe mume mtarajiwa aje mwenyewe, asitume mtu, aseme ni nini hasa anachokiogopa. Akiwa ana hoja, isikilize. Akisema "watu watasema nini," basi umeshajua nani ataendesha nyumba yako: ni watu. Kama kuna jambo unalitaka baada ya ndoa, shamba, masomo, kazi, liseme kabla ya nikaha na liwekwe kama sharti mbele ya mashahidi. Dini yetu imesisitiza mno kutimizwa kwa masharti ya ndoa.

Mimi posa yangu ilipovunjika nilidhani dunia imekwisha. Mume niliyempata baadaye alikuja kuposa, akamkuta bi mkwe wake anapanda mchicha, akavua viatu akaingia matutani kumsaidia.

Na nyinyi akina mama mnaosoma hapa, kabla hamjasema neno aibu mara nyengine, mkumbukeni yule binti aliyeko jikoni kwa watu Muscat usiku huu. Mpigieni simu kwanza. Mulizeni hali yake.

Wabillahi tawfiq.