KAZI KWA VIJANA: Kitabu na Zizi Kabla ya Kuomba Udaktari wa Mifugo

Miongoni mwa kazi zitamaniwazo na vijana wa nchi ya wafugaji, kazi ya daktari wa mifugo ina heshima ya peke yake. Mfugaji ajuaye thamani ya ng'ombe mmoja wa maziwa haoni haya kumwamsha daktari huyo usiku wa manane. Lakini wengi waitamanio kazi hii hawajui jinsi maandalizi yake yalivyo. Huja kuuliza njia wakati fomu imekwisha kujazwa, au wakati somo litakiwalo limekwisha kuachwa tangu zamani. Yafaa basi mzazi na mwana wayafikirie mambo haya mapema, mwana angali shuleni.

NJIA MBILI

Kwanza ifahamike kuwa nchi zote hazifuati njia moja. Katika nchi ya Marekani kijana hatoki shule ya sekondari akaingia moja kwa moja katika shule ya udaktari wa mifugo. Huanza kwa kusoma chuo kikuu, kwa kawaida miaka 4, akijifunza baiolojia, kemia, biokemia, fizikia na takwimu. Ndipo aombe nafasi katika shule ya udaktari, ambako husoma miaka 4 mingine. Maombi ya shule nyingi hupitia mpango mmoja, na siku ya mwisho huwa katikati ya mwezi wa Septemba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza.

Katika fomu hiyo alama za darasani hazitoshi. Mwombaji huandika ni saa ngapi amefanya kazi chini ya daktari wa mifugo, ni saa ngapi ametunza wanyama pasipo daktari, na ni saa ngapi ameshiriki uchunguzi wa kisayansi. Tena watu waliomwona kazini humwandikia barua za kumshuhudia, na shule nyingi hutaka mmoja wao awe daktari wa mifugo. Kwa hiyo mwanafunzi mwangalifu wa huko huanza daftari la saa zake tangu mwaka wa kwanza wa chuo, maana saa mia kadhaa haziwezi kukusanywa katika mwezi mmoja.

Nchini Kenya njia ni fupi zaidi. Kijana hutoka shule ya sekondari akaingia masomo ya shahada, ambayo ni ya miaka 5. Shule iliyo kongwe ni ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete, ambako masomo hayo yalihamishiwa kutoka Makerere mwaka 1962. Na Chuo Kikuu cha Egerton, huko Njoro, nacho hufundisha kazi hiyo. Nafasi za vyuo zimekuwa zikigawanywa kwa kufuata alama za mtihani wa KCSE. Hapana mahojiano, wala hapana aulizaye kama mwombaji amepata kumshika ndama.

Njia hii ina wema wake, kwa kuwa mtoto wa maskini aliyefaulu hashindani na mtoto wa tajiri kwa barua za wakubwa. Lakini ina hatari yake pia. Kijana aweza kuchagua udaktari wa mifugo kwa sababu tu alama zake hazikufika zile za udaktari wa watu, au kwa sababu jina la daktari lapendeza masikioni. Kisha, akiwa katikati ya masomo, baada ya mzazi kuuza ng'ombe na kuchukua mkopo, atambue kuwa hawezi kustahimili harufu ya mzoga wala kutia mkono katika tumbo la ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Marekani swali hilo huulizwa na fomu. Kenya hapana budi kijana ajiulize mwenyewe, na ajiulize kabla ya kuomba.

UPANDE WA KITABU

Masomo yaangaliwayo zaidi kwa kazi hii ni baiolojia, kemia, hisabati na fizikia. Mwanafunzi mwenye nia hii asiache hata moja kwa kuogopa ugumu wake. Wale wa mtaala mpya, ambao wa kwanza wao waliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu. Naye aitakaye kazi hii mahali pake ni mkondo wa sayansi. Uchaguzi huo hufanywa mtoto angali mdogo, na kuurekebisha baadaye ni shida kubwa.

Wako wanafunzi wasemao kuwa hesabu hazina kazi zizini. Na watazame mfano huu. Dawa hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito wa mnyama. Fahali mwenye kilo 250 atapewa mililita 12.5. Mwenye kuiweka nukta mahali pasipo pake atampa 125 na kumwua, au atampa 1.25 na kumwacha afe kwa ugonjwa wake. Nayo kemia ndiyo ifundishayo kwa nini dawa hukaa mwilini siku kadhaa baada ya sindano, hata maziwa ya ng'ombe yule yasifae kuuzwa wala kupewa watoto mpaka siku zilizotajwa zipite.

Lugha nayo isidharauliwe. Daktari huandika ripoti kwa wakubwa wake kwa Kiingereza, kisha husimama katika josho na kuwaeleza wazee jambo lile lile kwa maneno watakayoyaelewa. Asiyeweza yote mawili hufanya nusu ya kazi.

UPANDE WA ZIZI

Hapa mtoto wa mfugaji ana mali ambayo wanafunzi wa miji mikubwa ya ng'ambo huitafuta kwa taabu. Amekua kati ya wanyama, naye anajua ng'ombe mgonjwa hata kabla hajalala chini. Walakini mali hiyo haimfai sana kama haikuandikwa wala haikuunganishwa na somo. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Na amali isiyoangaliwa kwa elimu, nayo hurudia makosa yale yale kila mwaka.

Daftari la kawaida latosha. Kijana na aandike siku ng'ombe alipopandwa, kisha ahesabu siku 280 hivi mpaka kuzaa; kwa mbuzi ni kama 150, na kwa nguruwe ni kama 114. Aandike maziwa ya asubuhi na ya jioni. Apatapo kipimajoto, na ajifunze kwa daktari au msaidizi wake namna ya kukitumia, apate kujua kuwa joto la ng'ombe mzima huwa karibu nyuzi 38.5 za selisiasi. Ng'ombe akionyesha 41, na tezi zilizo chini ya sikio zikiwa zimevimba, kijana huyo ataelewa kwa nini daktari hufikiria ndigana kali upesi, akatazama masikio kama yana kupe. Siku atakapofundishwa darasani habari za vijidudu viingiavyo katika chembe nyeupe za damu, hatakuwa akikariri maneno matupu.

Baada ya hapo na aombe ruhusa ya kufuatana na daktari wa mifugo wakati wa likizo, hata kama ni kwa kubeba ndoo na kufungua malango. Ende pia machinjioni atazame ukaguzi wa nyama; ende kwenye kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa; na kama yu karibu na maabara ya serikali, aulize kama wageni hupokewa. Ataona kuwa kazi hii haiishii kwenye ng'ombe. Ulinzi wa nyama, maziwa na afya ya watu umo ndani yake. Mwenye kurudi nyumbani na matope hadi magotini, akatamani kwenda tena kesho, amekwisha kujibiwa swali lake. Naye aliyechukizwa amejibiwa pia, tena bila kupoteza ada ya miaka.

HADHARI

Kujifunza si kutibu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 yawataka madaktari wa mifugo na wasaidizi wao wasajiliwe, na kijana wa shule asijipe kazi ya kudunga sindano za majirani. Tena ajihadhari nafsi yake. Mnyama aliyekufa ghafula, hasa akiwa ametokwa na damu puani au nyuma, asipasuliwe kamwe, kwa maana huenda ni kimeta. Na habari ipelekwe kwa daktari upesi. Ndama aliyetoka kabla ya wakati, na kondo lake, visiguswe kwa mikono mitupu, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba humwingia na mtu. Ajuaye kujilinda tangu sasa ameanza kuwa daktari.

KAZI ILIYOKWISHA KUFANYWA

Kijana aonaye kuwa huu ni udaktari wa daraja la pili na akumbuke habari za sotoka. Ugonjwa huo uliteketeza ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, na njaa ikafuata. Miaka mingi baadaye, huko Muguga, kilomita chache kutoka Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo mpya ya sotoka, iliyo rahisi kutengenezwa na yenye kinga ya muda mrefu. Watu wengi, wenye vyeo na wasio na vyeo, waliipeleka chanjo hiyo kwa punda na kwa miguu hadi mabonde ya mbali. Mara ya mwisho sotoka kuonekana Kenya ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru. Na mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa imeokoka nao. Katika magonjwa yote ya wanyama, huo ndio wa kwanza kufutwa kabisa duniani.

AKIKOSA NAFASI

Alama zikipungua, mlango haujafungwa. Vyuo vya afya ya mifugo vya serikali, kama vile vya Kabete, Ndomba na Nyahururu, hufundisha wasaidizi wa madaktari, ambao ndio waonwao na wafugaji mara nyingi zaidi. Wako walioanza huko wakafanya kazi kwa bidii, kisha wakapanda hadi shahada. Mzazi asimwite mtoto aliyeshika njia hiyo kuwa ameshindwa.

Mzazi naye ana sehemu yake. Asimchagulie mtoto kazi kwa ajili ya sifa za kijiji, wala asimzuie binti kuingia zizini kwa kudhani kuwa ng'ombe hutibiwa kwa misuli. Ng'ombe hufungwa kwa kamba na kutibiwa kwa akili, na wanawake madaktari wa mifugo wamo kazini leo. Aulize habari za ada na mikopo ya masomo mapema, mwaka mmoja kabla ya mtihani. Na jioni mtoto arudipo kutoka shuleni, asiseme kuwa msomi haendi tena machungani. Ampe daftari na kalamu, amwonyeshe ng'ombe aliye na mimba, amwambie ahesabu siku.