Rangi Haiponyi Paa Lililooza

KILA mvua za masika zinapokaribia, mafundi wenye rola na mikebe ya rangi huwa na kazi tele katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Kuanzia Makongeni na Kaloleni hadi Viwandani na Mukuru kwa Reuben, penye ngurumo za mitambo ya Industrial Area, hupanda juu ya nyumba na kuyapaka mabati rangi nzito inayosifiwa kuwa huziba matundu na kupunguza joto. Siku mbili tatu baadaye paa lililokuwa jekundu kwa kutu hung'aa, na mpangaji mgeni huamini kuwa amepata nyumba madhubuti. Mimi siipingi rangi hiyo. Ninachokipinga ni mazoea ya kuitumia kama kilemba cha kufunika kidonda cha kichwani.

Ili tuelewane, hatuna budi kuanza na bati lenyewe. Bati ni chuma chembamba kilichopakwa zinki. Zinki ndiyo ngao: hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kisiliwe. Penye hewa safi ngao hiyo hudumu miaka mingi, lakini moshi wa viwanda wenye salfa, ukikutana na umande na mvua, hufanya asidi inayoitafuna upesi. Kwa hivyo bati lililoezekwa karibu na viwanda vya barabara ya Lunga Lunga halitarajiwi kudumu sawa na lile la kijijini. Fauka ya hayo, wajenzi wengi huchagua geji 30 au 32 kwa sababu ya unafuu wa bei, wakisahau kwamba nambari ya geji inapopanda, bati huwa jembamba zaidi.

Rangi ya paa, ikipakwa mapema na kwa utaratibu, ni ngao ya pili. Hata hivyo, ngao hiyo hushika tu pale ilipopata kitu imara cha kushikilia. Ikipakwa juu ya masizi, vumbi au kutu inayobanduka, itabanduka pamoja navyo. Bati jipya nalo lina masharti yake: rangi ya kawaida ya mafuta hupambana na zinki, ukatokea utando mfano wa sabuni kati yao, na baada ya muda rangi yote huambuka kama gamba la nyoka. Isitoshe, paa la mabati aghalabu huvuja penye misumari na pale mabati yanapopandana. Kazi ya fundi stadi basi huanza kabla mkebe haujafunguliwa. Huosha paa, husugua kutu kwa brashi ya waya, hung'oa misumari iliyolegea na kupigilia mingine yenye mpira, huondoa mabati yaliyotoboka, hukagua mbao za kenchi, kisha hupaka rangi ya kwanza inayoafikiana na zinki. Hapo ndipo rola hupata ruhusa ya kuingia. Anayeanza na rola anapaka fedha za watu juu ya kutu.

Nisieleweke vibaya. Rangi nyeupe ina faida kubwa, hasa kwa wanaoishi chini ya bati tupu lisilo na dari. Weupe hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, ilhali bati lenye kutu huinyonya na kuwamwagia joto walio chini. Mjini Ahmedabad, nchini India, mwaka 2017 ulianzishwa mpango wa kupaka rangi nyeupe mapaa ya nyumba za maskini ili kuwakinga na joto kali. Wala si elimu ngeni kwetu. Majumba ya kale ya Lamu yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mapaa yake bapa yakasakafiwa kwa chokaa hiyo hiyo. Chokaa ile ilitaka kuangaliwa na kutiwa upya kila ilipochakaa. Weupe nao ukifunikwa na masizi ya viwanda hupoteza nguvu zake, kwa hivyo paa la Eastlands linahitaji kuoshwa mara kwa mara.

Kuna hatari mbili ambazo yafaa mafundi na wenye nyumba wazijue. Kwanza ni asbestosi, ambayo iliezekwa juu ya nyumba na shule nyingi za zamani nchini. Kuisugua ikiwa kavu ili ipakwe rangi ni kurusha hewani nyuzi zinazoleta maradhi ya mapafu na saratani, ambayo huweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye idhini, si ya kijana wa kibarua. Pili ni madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kiwango cha Kenya kinataka risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi. Anayekinga maji ya mvua kutoka kwenye paa lake asikubali rangi iliyomiminwa katika mkebe usio na jina.

Yupo atakayeniuliza: mkazi wa Mukuru atazitoa wapi fedha za mabati mapya? Swali hilo ni la haki. Lakini wengi wa wakazi wa mitaa hii ni wapangaji. Paa si lao, ni la mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha, na sidhani kuwa nyumba inayowanyeshea watoto inastahili kuitwa hivyo. Tena si lazima paa zima libadilishwe. Kubadilisha mabati machache na misumari yote mbovu, kisha kupaka rangi mara moja ipasavyo, kuna nafuu kuliko kurudia rangi kila mwaka juu ya matundu yale yale. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naongeza kwamba mpangaji ainue macho kabla ya kulipa.

Kwa walimu wenzangu, jambo hili li karibu nasi mno. Tunafundisha chini ya mabati ambayo mchana huwatia wanafunzi usingizi, na mvua inaponyesha humeza sauti zetu. Kamati ya shule ikileta pendekezo la kupaka rangi, tuulize kwanza nani amepanda kulikagua paa. Na wanafunzi wa fizikia wachukue vipande viwili vya bati, kimoja wakipake rangi nyeupe, kingine wakiache na kutu yake, waviweke juani saa sita mchana na kupima joto chini ya kila kimoja. Wakiisha kuona tofauti, wakimwagie maji kile chenye tundu lililofunikwa kwa rangi tu. Watajifunza mapema kazi ya rangi inaishia wapi, na kazi ya nyundo inaanzia wapi.