Ajali Haina Kinga, Lakini Chombo Kina Kadiri Yake

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Hii ni methali ambayo mtoto wa Mswahili huisikia kabla hajajua kusoma, na katika pwani yetu ni nadra matanga kupita bila ya mtu kuitamka. Sina nia ya kugombana na wahenga. Ninalotaka kuuliza leo ni walikuwa wakisema nini hasa, na ni nani siku hizi anayeitumia kauli yao kwa manufaa yake.

Neno lenyewe lina historia. Ajali tulilipokea kutoka Kiarabu, ambamo maana yake ni muda uliowekwa, hususan muda wa uhai wa kiumbe. Hata leo, katika vinywa vya wazee, kusema kuwa ajali ya fulani imefika ni kusema kuwa siku zake zimetimia. Baadaye neno hilohilo likapewa kazi ya pili: gari likipinduka, jahazi likizama, ukuta ukiporomoka, twasema imetokea ajali. Hivyo lugha yetu imetia katika gunia moja vitu viwili visivyofanana. Cha kwanza ni saa ya kufa, ambayo hapana mja aijuaye. Cha pili ni breki iliyokatika kwa kuwa mwenye gari alikataa kununua mpya. Mwenye gari anaposema "ni ajali", sisi husikia kile cha kwanza, na kile cha pili hupita pasipo kuulizwa.

Suala la kadari na hiari limejaza maktaba, lakini mimi napenda kulitazama kutoka Ndau, kisiwa kidogo cha Lamu Mashariki kilichoko baina ya Pate na Kiwayu, ambako nimewahi kwenda kusikiliza Kitikuu, lahaja ya Wabajuni. Watu wa Ndau ni Waislamu, tena ni wavuvi na mabaharia. "Mungu akipenda" haibanduki katika ndimi zao. Mgeni mwenye haraka angedhani kuwa watu hawa wamemwachia Mungu kila kitu, wao wakakaa kitako kungoja.

Basi mgeni huyo na amtazame nahodha kabla hajang'oa nanga. Huangalia wingu na rangi ya maji. Anajua kuwa kusi, uvumao kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huwafungia wenye vyombo vidogo bahari kuu iliyo nje ya miamba, na kwamba kaskazi huwafungulia. Anajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Akiwa anakwenda Lamu, anajua saa ya kuuwahi Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, kabla maji hayajamkimbia. Hukagua kamba, huziba panapovuja, huwatazama abiria na mizigo yao, na baada ya hayo yote ndipo husema "Mungu akipenda". Yeye haoni ukinzani wowote hapo. Upepo hakuupanga yeye, lakini tanga ni lake kulipanga.

Isimu inatuthibitishia kuwa nahodha huyo ameyaelewa maneno yake kuliko wengi wetu tuliosoma. Kadari latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kupima na kuweza. Katika shina hilohilo tumechuma kudura, yaani uwezo wa Mungu; tumechuma pia kadiri, kukadiria na makadirio. Kwa hiyo neno tulitumialo kwa yale tusiyoyaweza ni ndugu wa damu wa neno tulitumialo tunapopima mchele, tunapopanga bajeti ya taifa na tunapoandika ubavuni mwa chombo idadi ya watu kinaowaweza. Hali kadhalika neno hiari: limetoka katika shina moja na heri. Kwa asili yake, kutumia hiari ni kuliteua lililo la heri zaidi. Anayeamini kadari akadharau makadirio ameshika neno nusu, na anayeisifu hiari yake huku akichagua lililo ovu amelipotosha neno lenyewe.

Wanazuoni wa Kiislamu waliligombania jambo hili tangu karne za mwanzo. Walikuwako Jabriya, waliosema kuwa mja ni kama unyoya katika upepo. Walikuwako Kadariya, waliosema kuwa mja ndiye mwenye vitendo vyake. Katika karne ya kumi Abul Hasan al-Ash'ari, ambaye mafundisho yake yameenea sana miongoni mwa Masunni, wakiwamo wa pwani yetu, alishika njia ya kati: Mungu ndiye muumba wa kitendo, lakini mja hukichuma, na kwa kukichuma huulizwa. Wakristo nao wamekuwa na mjadala wao tangu Agostino wa Hippo, na siku hizi wapo wanasayansi waliomwondoa Mungu katika hoja wakaweka chembe za urithi mahali pake, lakini swali likabaki lilelile.

Mimi hunitosha kisa cha Umar bin Khattab. Mnamo mwaka 639 hivi alikuwa njiani kwenda Sham alipopata habari kuwa tauni imezuka huko. Akashauriana na watu wake, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida, sahaba mkubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwa kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bondeni na ngamia wake, akakuta upande mmoja una malisho na wa pili ni mkavu: popote atakapowalisha atakuwa katika kadari, lakini kuchagua ni juu yake. Hivyo kugeuza msafara ili kuokoa roho za watu hakukuwa kuipinga kadari. Kulikuwa ndani yake.

Pwani yetu imewahi kuuonja mtihani wa namna hiyo. Tarehe 26 Desemba 2004, alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra. Mawimbi ya tsunami yaliyozuka yaliua zaidi ya watu 200,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Yalichukua saa nane au tisa hivi kufika Kenya. Katika saa hizo habari kutoka Asia zilikwisha sambaa. Wakuu wa usalama wakaamuru watu waondolewe ufuoni, na wakaondoka. Tena maji yalikuwa karibu na kupwa, jambo lililopunguza nguvu ya mawimbi. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Kaskazini yetu, katika Somalia, ambako mawimbi yalitangulia kufika na hapakuwa na serikali ya kuwaonya watu, walikufa takriban 300, wengi wao huko Hafun na vijiji vya jirani.

Tuyapime hayo kwa utulivu. Maji kupwa hayakuwa kazi ya mtu. Anayetaka kuyaita majaaliwa ana haki. Somalia pia imejitokeza zaidi mbele ya mawimbi kwa jinsi ilivyokaa katika ramani. Lakini onyo lilikuwa kazi ya watu, na kutokuwapo kwa onyo kulikuwa na sababu zake za kibinadamu, mojawapo ikiwa ni kuanguka kwa dola ya Somalia mwaka 1991. Wavuvi wa Hafun hawakuwa na imani pungufu kuliko wa Ndau, wala dhambi zaidi. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia wakimbie.

Sasa tuyatazame maafa mengine, ambamo mkono wa mtu waonekana waziwazi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka karibu sana na gati. Watu 272 walikufa. Kivuko hicho kilikadiriwa kwa watu 300, na asubuhi hiyo kilibeba 400 hivi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na kibali cha kubeba watu 645. Uchunguzi rasmi ulikuta kuwa ilibeba zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Viktoria, ilikuwa zamu ya kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara: kadiri yake watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Mara zote tatu walisikika watu wakisema kuwa ajali haina kinga. Lakini hapa kinga ilikuwapo, tena ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu.

Na hapo ndipo tufikapo kwenye kitenzi kuandikwa. Twasema "imeandikwa", na sarufi hutuambia kuwa katika kauli ya kutendwa mtenda si lazima atajwe. Muumini asemapo "imeandikwa", mtenda asiyetajwa ni Mungu, na kunyamaza kwake ni adabu. Ofisa asemapo "chombo kilijazwa kupita kiasi", mtenda asiyetajwa ni mtu mwenye jina na mshahara, na kunyamaza huko ni hila. Sarufi ni ileile, lakini maadili ni mbalimbali. Msomaji akutanapo na kauli ya kutendwa katika taarifa ya serikali au ya kampuni, na aulize: imetendwa na nani?

Wabajuni wanalijua somo hili kwa uchungu. Wakati wa vita vya Shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, wengi wao walivikimbia vijiji na mashamba yao ya bara, wakakimbilia visiwani, wengine Malindi na Mombasa. Vita vilikwisha, lakini wengi hawakurudi, na wengi wakakaa miongo kadhaa pasipo hati ya ardhi waliyoizaliwa wala ya ile waliyoikimbilia. Wakaambiwa, na baadhi yao wakajiambia, kuwa ndivyo walivyoandikiwa. Mimi nasema tatizo lao lilikuwa kinyume cha hivyo: hawakuandikiwa. Yaliyoandikwa mbinguni siyajui. Lakini daftari la ardhi hukaa ofisini, na kalamu yake hushikwa na mtu.

Wavuvi wa Lamu walilitambua hilo bandari mpya ilipoanza kujengwa. Wangeweza kusema kuwa riziki imekatika na kuitika amina. Badala yake waliwapeleka wahusika mahakamani, na mnamo Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kuwa haki zao zilivunjwa, ikaagiza wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Malipo yalichelewa kwa miaka, na hilo ni lawama nyingine. Hata hivyo, sidhani kuwa imani yao ilipungua kwa kushitaki.

Isije ikadhaniwa kuwa nayatetea mawazo ya wale wanaohubiri mijini kwamba kila mtu ni fundi wa maisha yake, na kwamba maskini ni maskini kwa kupenda. La hasha. Mtoto azaliwaye Ndau hakuchagua kisiwa. Mja mzito apatwaye na matatizo usiku wa kusi, na hospitali kubwa iko Lamu, ng'ambo ya maji, hakuyachagua mawimbi. Kumwambia huyo kuwa hatima yake iko mikononi mwake ni ukatili uliovaa kilemba cha hekima. Hiari haikugawanywa sawasawa: nahodha anayo ya chombo chake, mwenye chombo anayo ya fedha za matengenezo, ofisa wa usalama wa bahari anayo ya kukizuia chombo gatini, na wenye bajeti wanayo ya kununua au kutonunua boti ya wagonjwa. Abiria anayo ndogo kuliko wote, na aghalabu ndiye alipaye kwa roho yake. Kadiri ya hiari iwe ndiyo kadiri ya kuulizwa.

Kwa hiyo napendekeza tugawane maneno kwa haki. Kadari tumwachie mfiwa. Ni neno la faraja, nalo hutazama nyuma, kwenye lililokwisha kuwa. Pasipo neno hilo wajane na mayatima wangekesha wakijilaumu kwa safari ambayo hawakuwa na uwezo wa kuizuia. Lakini mtu yeyote aliyepewa dhamana ya roho za watu asiruhusiwe kulitamka mpaka awe kwanza amejibu maswali ya makadirio: walikuwa wangapi, maboya ya kujiokolea yalikuwa mangapi, nani aliruhusu chombo kiondoke, na nani alilipwa ili kiruhusiwe. Maimamu wetu watatusaidia sana wakikikumbusha kisa cha Umar katika hotuba za Ijumaa, na waandishi wa habari watatusaidia wakiacha kuandika "ajali" mahali ambapo uchunguzi umeandika "uzembe".

Ajali, kwa maana yake ya asili, kweli haina kinga. Siku ikifika imefika. Uzembe unayo kinga, na gharama yake ni ndogo kuliko sanda.