Wabunge Wanaomba Nguzo, Mpango wa Umeme Anausoma Nani?

Machi 2025, Rais akiwa Same mkoani Kilimanjaro kuzindua mradi wa maji, alisema Serikali itanunua umeme Ethiopia, upitie Kenya, uje kuwasha mikoa ya Kaskazini. Mnakumbuka mtandao ulivyochafuka. Kila grupu la WhatsApp lilikuwa na utani uleule: tumejenga bwawa la shilingi trilioni 6.5, halafu tunakwenda kwa jirani na ndoo mkononi.

Mimi utani ule sikuusambaza, na naomba makamanda mnivumilie nieleze. Kununua umeme nje siyo kashfa. Kagera imewashwa kwa umeme wa Uganda kwa miaka mingi na hakuna aliyeona aibu. Umeme ukisafirishwa mbali unapotea njiani, na Serikali yenyewe ilitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa kuufikisha Kaskazini. Kama wa Ethiopia unagharimu kidogo kuliko hasara hiyo, mtu mwenye akili ananunua. Tukishika dola kesho asubuhi, na sisi tutanunua.

Kinachoniuma ni kwamba hasara hiyo haikuzaliwa siku ya hotuba. Rufiji iko pale ilipo na Arusha iko pale ilipo tangu mkataba wa Bwawa la Nyerere uliposainiwa Desemba 2018. Mtu yeyote mwenye ramani na rula angeweza kuuliza: hizi megawati 2,115 zikishatoka kwenye mashine tisa, zinapita wapi? Njia ya kilovoti 400 kutoka bwawani hadi Chalinze ni kilomita 160. Ya kutoka Chalinze kwenda Dodoma, ambako ndiko umeme unaungana na mkongo mkubwa wa Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, ni kilomita 345. Hiyo ya pili ilikuwa bado inajengwa wakati mashine zote tisa zimeshakamilika. Tumenunua lori jipya kabla ya kuchonga barabara.

Matokeo yake tumeyaona. Machi 2024 ikabidi vituo vitano vya umeme wa maji vizimwe kwa sababu umeme umezidi kwenye gridi. Wiki chache baadaye, Aprili 1, gridi ya Taifa ikapata hitilafu na nchi ikaingia gizani. Kufikia bajeti ya 2025/26, mitambo iliyofungwa ilikuwa imevuka megawati 4,000, wakati matumizi ya juu kabisa yaliyowahi kufikiwa ni kama 1,900. Yaani kwenye karatasi tuna umeme mara mbili ya tunaoutumia. Lakini fundi wa kuchomelea mageti ana yuniti zake kwenye LUKU, ana kazi ya mteja, na amekaa kwenye benchi anasubiri umeme urudi.

Sasa Bunge lilikuwa wapi?

Mei 2018, wakati wa mjadala wa kukata miti ndani ya Pori la Akiba la Selous ili kupisha bwawa, Kangi Lugola, akiwa Naibu Waziri anayeshughulikia mazingira, alisema ndani ya Bunge kwamba mradi utatekelezwa watu wapende wasipende, na watakaoupinga watafungwa. Tafakari mbunge aliyekaa pale anasikia hivyo. Nani angesimama kuuliza habari ya nyaya na vituo vya kupoza umeme? Ukiuliza unaitwa msaliti. Bwawa likawa kipimo cha uzalendo, na kitu kikishakuwa kipimo cha uzalendo hakikaguliwi tena, kinapigiwa meza tu.

Ila tusimtupie kila kitu Lugola. Bunge lina tabia yake. Fungua Hansard ya kipindi cha maswali, mwaka wowote unaotaka. "Je, ni lini Serikali itapeleka umeme katika Kijiji fulani?" Naibu Waziri anajibu mkandarasi yuko eneo la kazi. Swali la nyongeza: na Kitongoji fulani je? Tumelipokea, Mheshimiwa. Ahsante, Mheshimiwa Spika. Wamemaliza, anaitwa mwingine na kijiji chake.

Siwadharau. Zahanati isiyo na taa usiku ni jambo la kufa na kupona, na mbunge asiposema la jimboni kwake atalisemea nani? Hata lile suala la "vijiji-mji", ambapo watu wanaoishi kijijini kabisa walidaiwa 320,960 ya kuunganishiwa umeme kama watu wa mjini wakati wenzao wanalipa 27,000, wabunge walilipigia kelele na nawapa haki yao. Lakini Tanzania Bara ina vitongoji 64,359. Tukienda kwa swali moja moja, mwaka wa 2044 utafika na bado tuko kwenye nguzo. Na nguzo yenyewe ni mwisho wa mpira. Bomba kuu likiwa jembamba, unaweza kuongeza mipira uani kwako hadi uchoke, maji hayatatoka.

Mwaka 2044 sikuutaja kwa bahati mbaya. Wizara ya Nishati ina Mpango Kabambe wa umeme, toleo la 2020, unaotazama hadi mwaka huo. Humo ndimo mnakoamuliwa mtambo gani ujengwe lini, njia ipi ianze, mkoa upi usubiri. Ukitaka kujua kwa nini gesi ya Mnazi Bay inachimbwa Mtwara huku Mtwara yenyewe ikikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, anza na mpangilio wa namna hiyo. Huko ndiko siasa ya umeme iliko, halafu sisi tunabishana kuhusu nani kakata utepe.

Hapa naomba niwe mwanasheria kidogo. Ibara ya 63(2) ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Hiyo mnaijua. Wengi wanaacha kusoma kabla ya kufika 63(3)(c), inayolipa Bunge madaraka ya kujadili na kuidhinisha mpango wowote wa muda mrefu au mfupi unaokusudiwa kutekelezwa nchini, na kutunga sheria ya kusimamia utekelezaji wake. Imesema "wowote". Mpango wa miaka 25 usipokuwa wa muda mrefu, sijui upi utakuwa. Kwa hiyo kuuleta mezani kama hoja kamili, ukajadiliwa ukurasa kwa ukurasa, isionekane ni hisani ya waziri. Najua jibu la Serikali litakuwa kwamba Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano hupita bungeni na sekta ya nishati imo. Imo, ndiyo, kwa kurasa chache kati ya sekta zote. Huwezi kukagua mtandao wa kilovoti 400 kwa aya mbili.

Tukizungumzia Bunge na umeme, sisi vijana wa upinzani tuna nyimbo mbili: Richmond na Escrow. Ni nyimbo nzuri. Februari 2008 Kamati Teule ya Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, ilisoma taarifa yake na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu (kwamba mwaka 2015 upinzani ulimsimamisha kugombea urais, hilo ni la siku nyingine). Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ilileta taarifa ya Escrow, na kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Nishati walikuwa wameachia ngazi. Najua wengine hapa hamtaki kusikia jina la Zitto. Yaliyoandikwa kwenye Hansard hayafutiki.

Lakini angalieni kitu kimoja. Mara zote mbili Bunge lilifika baada ya mkataba kusainiwa na fedha kuondoka. Lilifika msibani. Lililia vizuri, likataja aliyeua, lakini marehemu alikuwa amekwishazikwa.

Kipindi ninachotaka tukisome upya ni Julai 2011. Nchi ilikuwa kwenye mgao mkali. Wizara ya Nishati na Madini ikaleta bajeti, na wabunge, wengi wao CCM, wakaikataa. Wakati huohuo Beatrice Shelukindo, mbunge wa CCM wa Kilindi, akafichua barua ya Katibu Mkuu wa Wizara, David Jairo, ya kuchangisha fedha kutoka taasisi zilizo chini yake ili kufanikisha upitishaji wa bajeti hiyo. Serikali ikaomba muda. Iliporudi Agosti ilirudi na mpango wa dharura wa megawati 572. Unaweza kuukosoa mpango ule, na mimi ningeukosoa, maana umeme wa mafuta wa kukodi ulitutafuna baadaye. Ila njia ndiyo ile: hamna mpango, hampati fedha.

Huwa naambiwa Bunge haliwezi kufanya hivyo tena kwa sababu Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja likikataa bajeti ya Serikali. Ni kweli, upanga huo upo. Mwaka 2011 ulikuwepo pia. Na kabla ya kufika huko kuna silaha ndogo: mbunge anashika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Siku hizi shilingi inashikwa asubuhi na kuachiwa kabla chai haijapoa.

Na tangu uchaguzi wa 2020 tumepoteza kitu ambacho vijana wengi hawakioni: Kambi Rasmi ya Upinzani. Kanuni zinataka asilimia 12.5 ya wabunge ili iwepo. Bila hiyo hakuna waziri kivuli, hakuna hotuba mbadala ya nishati kama zile alizokuwa akisoma John Mnyika, zenye takwimu na maswali ambayo wizara ililazimika kuyajibu hata kwa hasira. Nani anaifanya kazi hiyo sasa?

Maana kinachokuja ni kikubwa kuliko bwawa. Januari 2025, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi wa nishati Dar es Salaam, Tanzania ilitoa ahadi ya kuunganisha wateja wapya milioni 8.3 ifikapo 2030, kwa gharama ya karibu dola bilioni 13. Sehemu kubwa ni mikopo na fedha za sekta binafsi. Deni hilo litalipwa na sisi ambao leo tuko vyuoni, kupitia kodi na bei ya yuniti. Mpango huo nao unaingia kwenye 63(3)(c). Uletwe bungeni na jedwali la njia zake: inaanzia wapi, inaishia wapi, kilovoti ngapi, mkandarasi nani, mkopo wa nani, inakamilika mwezi gani.

Hotuba ya bajeti ya Nishati husomwa Dodoma kati ya Aprili na Mei. Kama hakuna waziri kivuli mle ndani, jedwali la kivuli linaweza kutengenezwa huku nje. Hotuba za miaka iliyopita na Hansard zipo kwenye tovuti ya Bunge, bure, na kazi yake ni kulinganisha tarehe zilizoahidiwa na zilizotokea. Mimi nimeanza na Chalinze–Dodoma. Kanda ya Ziwa na Kusini bado hazina mtu. Anayeweza kuchukua moja, aniandikie kupitia katibu wa vijana wa mkoa wake kabla Machi haijaisha.