Jiwe la mtoni si la jikoni

MAMA alikataa waziwazi. “Hilo jiwe lirudishe ulikolitoa,” alimwambia mjukuu wake. “Jiwe la mtoni si la jikoni.”

Ilikuwa Desemba iliyopita, nyumbani kwetu Maragoli, Kaunti ya Vihiga. Jamaa walikuwa wengi, sufuria kubwa ya nyama ilihitaji meko ya nje, na mafiga yaliyokuwapo yalikuwa mawili tu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, alijitolea kutafuta la tatu. Aliteremka hadi kijitoni, akarudi na jiwe zuri la mviringo, laini kana kwamba limepigwa msasa.

Mama alipogeuka kuingia nyumbani, kijana alilisukuma jiwe lake chini ya sufuria. Alidhani hayo yalikuwa mambo ya ushirikina wa wazee.

Haikupita nusu saa. Tulisikia mlio kama wa risasi, sufuria ikainama, mchuzi ukamwagika motoni. Kijana alikuwa amechutama kando akichochea kuni. Kipande cha jiwe chenye ncha kilimpasua juu ya jicho la kushoto. Kingepiga chini kidogo tu, leo ningekuwa nikiandika habari nyingine.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mpwa wangu alishonwa nyuzi nne katika zahanati, akarudi kimya, akaketi kando yangu kibarazani. Kisha akaniuliza: “Shangazi, mwalimu alitufundisha kwamba graniti ilitokana na moto wa chini ya ardhi. Kama moto ndio uliolizaa jiwe, mbona moto huohuo umelipasua?”

Msomaji mpendwa, sikuwa na jibu. Nilikiokota kile kipande, nikakifunga katika leso, nikarudi nacho mjini. Majuma kadhaa sasa kimekaa mezani pangu kama deni.

Uji unaochukua enzi kuganda

Tuanze na kuzaliwa kwake. Ukichimba ardhi kwenda chini, joto hupanda kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Panapokuwa na joto la kutosha, pamoja na maji kidogo yaliyonaswa ndani ya mwamba, mwamba wa aina hii huanza kuyeyuka joto likikaribia nyuzi 700. Hugeuka uji mzito, na kwa kuwa uji huo ni mwepesi kuliko miamba inayouzunguka, hupanda polepole kuelekea juu.

Lakini mwingi haufiki juu. Hukwama kilomita kadhaa chini ya ardhi, umefunikwa na miamba kama blanketi zito, na huko ndiko unakopoa. Kupoa huko si kwa siku wala kwa mwaka. Uji mwingi wa namna hiyo huchukua maelfu mengi ya miaka kabla ya kuganda wote.

Hapo ndipo penye siri ya graniti. Kwa kuwa hakuna haraka, kila madini hupata nafasi ya kukua hadi kuwa punje inayoonekana kwa macho. Tazama kipande chochote cha graniti juani: punje nyeupe au za waridi ni za madini yaitwayo feldispa, zile zinazofanana na vipande vya glasi ni kwatsi, na vile vijigamba vyeusi vinavyometameta ni ulanga. Punje hizo zilikua zikisukumana, hata zikashikana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Ndiyo sababu graniti ni ngumu.

Wakati huohuo uzito wa miamba ya juu uliibana pande zote. Katika kina cha kilomita 10, kila eneo la sentimita moja mraba, yaani karibu ukubwa wa ukucha wa kidole chako, hubeba zaidi ya tani 2.5. Ni kama kuegesha magari mawili madogo juu ya ukucha mmoja.

Graniti ya kwetu Maragoli ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Katika muda huo mvua na mito iliondoa kilomita za miamba iliyokuwa juu yake. Mzigo ulipopungua, mwamba ulitanuka na kupata nyufa, maji yakapenya katika nyufa hizo, na yakabaki mawe makubwa yaliyopandiana. Waliofika Kit Mikayi huko Seme, Kaunti ya Kisumu, jiwe ambalo jina lake kwa Kijaluo lina maana ya jiwe la mke wa kwanza, wamejionea kazi hiyo.

Haraka haina baraka

Sasa turudi kwenye meko ya mama. Moto ulikuwa moto, lakini masharti yake yalikuwa mengine kabisa.

Kwanza ni haraka. Upande mmoja wa jiwe ulipata moto mkali kwa dakika chache huku upande wa pili ukiwa bado baridi. Upande wenye joto hutaka kutanuka, ule wa baridi hukataa, na jiwe huvutana lenyewe kwa lenyewe.

Pili, punje za graniti hazitanuki kwa kipimo kimoja. Kwatsi hutanuka kuliko feldispa. Aidha, joto lake linapofika nyuzi 573, mpangilio wake wa ndani hubadilika na punje hiyo huvimba kwa ghafla. Makaa ya kuni yanaweza kabisa kufikisha joto hilo. Zile punje zilizofumbatana kwa amani huanza kupigana mieleka.

Tatu, na hili ndilo la hatari zaidi, ni maji. Jiwe lililolala mtoni kwa miaka limekunywa maji katika vijitundu na nyufa zisizoonekana. Maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali. Mvuke ukikosa pa kutokea, hujitengenezea mlango.

Nne, hapakuwa na kilomita za miamba za kulibana lile jiwe lisipasuke. Kule chini mwamba ulikuwa umeshikwa pande zote. Jikoni kwa mama ulikuwa umeshikwa na hewa tu.

Wanaovunja mawe ya kokoto karibu na kwetu wanalijua jambo hili vizuri. Mwamba ukishindikana kwa nyundo, huwasha moto juu yake hadi uanze kulia na kupasuka, kisha hutia nyenzo katika ufa. Ni ujuzi wa kale sana duniani, nao una hatari zake, kwani cheche za jiwe hazichagui jicho.

Mitutu ya bunduki

Nilipoendelea kusoma niligundua kwamba swali la mpwa wangu liliwahi kuwagonganisha vichwa wasomi wa Ulaya.

Mskoti James Hutton alikuwa akishikilia kwamba graniti iliwahi kuwa uji wa moto. Mwaka 1785, katika bonde la Glen Tilt huko Skotilandi, aliona mishipa ya graniti imepenya ndani ya miamba mingine, jambo ambalo jiwe lililokwisha kuganda haliwezi kulifanya. Hutton pia aliamini kwamba joto la ardhini liliyapika mawe ya aina nyingine, yakiwamo mawe ya chokaa.

Wapinzani wake walikuwa na hoja nzito. Walisema: ukilichoma jiwe la chokaa katika tanuri, huwa unga wa chokaa, wala haliwi marumaru. Wenzetu wa Pwani, ambao tangu zamani huchoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea, wangekubaliana nao.

Hutton alifariki mwaka 1797. Mwaka uliofuata rafiki yake, Sir James Hall, alianza majaribio ya ajabu. Aliusindilia unga wa jiwe la chokaa ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba kabisa, akaitia katika tanuri. Mitutu mingine ililipuka. Hakukata tamaa, akarudia kwa miaka. Mwishowe, katika mitutu iliyostahimili, alikuta unga umegeuka jiwe gumu linalofanana na marumaru.

Kwa nini? Jiwe la chokaa likichomwa mahali wazi, gesi iliyomo ndani yake hutoroka na jiwe husambaratika. Ndani ya mtutu uliozibwa gesi ilikosa njia. Jiwe lilelile, moto uleule, ila mgandamizo ndio uliobadili mambo. Mama wa nyumbani anayepika maharagwe katika sufuria yenye kifuniko cha kufungwa kabisa anaifahamu kanuni hiyo: mvuke ukizuiliwa, chakula huiva kwa namna nyingine.

Hall hakuishia hapo. Aliyeyusha mawe ya lava pia. Alipoyapoza upesi alipata kitu kama glasi. Alipoyapoza polepole, punje zilirudi na jiwe likawa jiwe tena.

Ukoo wa mawe nchini

Ukiyajua hayo, hutatembea tena nchini ukiona mawe kuwa mawe tu.

Huko Naivasha kuna kioo cheusi cha volkeno, kikali kama wembe, ambacho watu wa kale walichonga kuwa visu. Ni lava iliyopoa upesi mno hata punje zikakosa muda wa kukua. Uwanda wa juu wa Yatta, unaonekana ukiwa Tsavo Mashariki, ni mto wa lava ulioganda, urefu wake karibu kilomita 300. Mawe ya kuchongwa kutoka Ndarugo, ambayo yamejenga nyumba nyingi za Nairobi, ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana, ndiyo maana msumeno huyakata bila taabu nyingi.

Nenda Mombasa, uguse ukuta wa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Hayo ni matumbawe, jiwe la chokaa ambalo halijaonja moto wa ardhini. Kisha nenda Kajiado uone marumaru. Nayo ilianza kama jiwe la chokaa katika bahari ya kale, lakini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita mabara yalipogongana ilizikwa, ikabanwa na kupikwa bila kuyeyuka. Mgongano huo ndio uliotupa pia miamba yenye mistari ya vilima vya Ukambani, na yale mawe ya kijani ya Taita Taveta ambayo mwaka 1974 yalipewa jina la tsavoraiti kutokana na Tsavo.

Yanayokuhusu wewe

Pengine huna meko ya mafiga. Hata hivyo, huenda unaweka akiba ya kujenga jikoni lenye meza ya mawe, na muuzaji amekuapia kwamba ni graniti. Omba kipande cha sampuli. Dondoshea tone la limau: marumaru itatoa povu dogo na kupoteza mng’aro, graniti haitajali. Kikwaruze kwa ncha ya kisu: marumaru itachubuka, graniti itakishinda kisu. Marumaru ni jiwe zuri, lakini jikoni penye ndimu na nyanya kila siku litakuharibikia.

Hata ukipata graniti halisi, usiiteremshie sufuria iliyotoka motoni sasa hivi. Weka ubao au kitambaa kizito kwanza. Ilizaliwa motoni, ndiyo, lakini haikuzoeshwa moto wa ghafla.

Nanyi wanafunzi mnaokwenda kupiga kambi, msizungushie moto wenu mawe ya mtoni wala yaliyochimbuliwa katika udongo wenye maji. Chagueni makavu ya mahali pa juu, yasiyo na nyufa, yawasheni moto kidogo kwanza, na msimwagie maji jiwe lililoshika moto. Afadhali zaidi, ombeni mafiga ya mzee wa karibu. Jiwe ambalo limepikiwa miaka 20 bila kupasuka limekwisha kufaulu mtihani.

Wiki iliyopita nilimpelekea mpwa wangu kile kipande. Alikigeuza-geuza, akaziona punje za waridi na ulanga unaometa, akagusa kovu lake. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: “Nyanya alisoma wapi haya?”

Nilimwambia ampigie simu amuulize. Mama alicheka sana. Alisema mama yake mzazi aliwahi kupoteza chungu kizima cha maharagwe kwa jiwe la mtoni, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wa boma lile aliyeruhusiwa kulileta jikoni. Sababu hakuambiwa. Alipewa sheria tu, akaishika, na sufuria zake zimesimama imara hadi leo.

Je, kwenu kuna sheria ya jikoni ambayo wazee waliishika bila kueleza sababu? Waulize wakiwa bado wapo. Tukutane Jumapili ijayo.